Mke wa Rika Zima

Mimi ni mtu wa njia, sikai mji mmoja miaka miwili. Lakini kila nikipita Thika huitafuta kwa macho nyumba yetu ya zamani, ingawa najua ilibomolewa, na kila mara hasira hunipanda upya.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini baba alipooza upande mmoja akiwa kazini katika shamba la mkonge. Walimleta kwa trekta, wakamshusha mlangoni kama gunia. Tangu siku hiyo mama hakulala kama watu wengine. Alimgeuza mchana na usiku asipate vidonda mgongoni. Alimlisha uji kwa kijiko huku akimpapasa koo ili ameze. Chini yake alitandika majani ya mgomba aliyoyalainisha motoni, maana blanketi zilikuwa mbili na hazikukauka upesi.

Kila Jumapili walikuja wanarika wa baba, wazee watatu waliotahiriwa pamoja naye. Walikunywa uji na kumchekesha. Kwetu mke wa mwanarika huitwa mke wetu, nao walimwita mama hivyo kila walipotaka kuongezewa.

Nilikuwa nimeacha sekondari na kuajiriwa katika shamba la kahawa Ruiru. Nilipokuja likizo, mimi ndiye niliyeleta habari kwamba nyanya, mamake mama, hakuinuka tena kitandani kule Ruiru. Mama alitaka siku moja tu akamwone angali hai. Dada yangu alikuwa ameolewa mbali, na kwa mila zetu mwana haoni uchi wa baba yake.

"Kesho naenda kwa mama," mama akawaambia wazee. "Nani kati yenu atakuja kumwosha mwenzenu?"

"Hiyo si kazi ya mwanamume, mke wetu," akasema mmoja mwenye koti jeusi.

"Kwa uji mimi ni wenu. Kwa beseni ni wa huyu peke yake?"

Wakacheka, wakamgeukia baba. "Wewe mgonjwa, huyu mama umemlisha nini?" Hata baba alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nenda, mama," nikasema. "Nitamwosha mimi."

Kicheko kikaisha. "Utajiletea laana, kijana," akasema yule mwenye koti jeusi.

"Basi njoo wewe, mzee. Wewe hutalaaniwa."

Akaanza kutafuta bakora yake aondoke.

Mama alipanda basi alfajiri. Nilimwosha baba huku nimekaza macho ukutani, naye amefumba yake.

Mama alirudi jioni amechoka kuliko alivyoondoka. Alimkuta nyanya amelala juu ya nguo iliyolowa. Wake wa wajomba walikuwa wamekwenda kuchuma kahawa tangu asubuhi. Siku yake moja ya ruhusa aliimaliza akiteka maji, akifua, akimwosha nyanya na kumgeuza.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Nilisahau. Baba yako umemgeuza saa ngapi?"

Jumapili iliyofuata wazee walikuja na uso wa baraza. Mila imevunjwa, wakasema. Lazima kondoo dume achinjwe kututakasa, mimi na baba. Nyama ingeliwa na nani? Na wao. Ingepikwa na nani? Na mke wetu.

"Atakayekula ashike beseni kwanza," nikasema.

Waliondoka wamenuna, na hawakurudi. Baba aliutazama mlango Jumapili nyingi. Mama alinilaumu kwa hilo, akisema angalau walimchekesha. Mpaka leo sijakubali. Kuchekesha mtu aliyekwisha oshwa na kushibishwa ni kazi gani?

Likizo yangu ikaisha, nikarudi Ruiru. Nyanya alipozikwa, nilisimama kaburini pamoja na wajomba na majirani. Watu waliniuliza binti yake yuko wapi, wengine kwa sauti ya kumlaumu. Alikuwa Thika, akimgeuza baba, kwa sababu katika rika zima hakupatikana mtu wa kumshikia beseni siku ya pili.