Daktari Aliyesema Hajui

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa kesho unaanza kazi ya ukalimani hospitalini Kakuma, acha nikusimulie, hata kama inaniaibisha.

Nilikuwa msichana wa Lodwar mwenye mdomo mwepesi. Ugonjwa wa kalaazar ulikuwa umelipuka. Watu waliletwa hospitalini kutoka kila upande wakiwa na homa isiyoisha, wamekonda, matumbo yamevimba. Dawa iliyokuwepo ilikuwa sindano chungu za siku nyingi. Daktari Kemunto, mgeni kutoka Kisii, alikuwa anajaribu dawa nyingine ya kumeza, na mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza Kiswahili chake kuwa Kiturkana. Nilijiona mtu mkubwa, usicheke.

Akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Kataboi na binti yake mdogo, Nakiru, ambaye hata kukaa alishindwa. Mama akauliza kama hiyo dawa mpya itamponya mtoto.

"Sijui," daktari akanijibu.

Nikamwambia mama kwamba dawa ni nzuri, imetoka mbali, daktari amesoma sana, asiwe na wasiwasi. Nilimhurumia. Tena nilimwonea daktari haya; daktari gani hajui?

Daktari Kemunto hakujua Kiturkana, lakini masikio alikuwa nayo.

"Dada, mimi nimesema neno moja. Mbona wewe umeongea maneno mengi hivyo?"

Akanitaka nirudie, na safari hii nilimwambia mama ukweli: daktari hajui, ndiyo maana anajaribu; yeye mama akikataa, Nakiru atapewa sindano kama wengine na hakuna atakayemkasirikia.

Mama akamwinua Nakiru mgongoni, nikadhani anaondoka. Kisha akasema, "Wote waliokuja kwetu na dawa walisema wanajua. Huyu atamwangalia mtoto kila siku?"

"Kila siku," daktari akasema.

Mama akatia kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali dawa.

Siku hiyohiyo nilizungushwa kitanda kwa kitanda kusahihisha uongo wangu, maana wagonjwa wengine nao nilikuwa nimewaambia vilevile. Wawili walijitoa kwenye jaribio la dawa, na daktari akawashukuru, jambo lililonishangaza kuliko yote. Waliobaki ndipo wakaanza kusema: huyu anatapika vidonge, yule macho yanamuuma. Walikuwa wameficha kwa sababu niliwaambia dawa ni nzuri, wakadhani kasoro ni yao. Mama wa Nakiru hakuficha kitu. Mtoto alipozidiwa na kutapika alituita palepale, daktari akamuwahi, akapona. Nimefanya kazi na madaktari wengi tangu hapo, na sijamheshimu mwingine kama yule.

Basi mwanangu, dawa haipatikani kwa daktari peke yake. Inapatikana pia kwa mgonjwa anayesema kinachomuuma bila woga, na wewe ukimdanganya ili umfariji, umemziba mdomo. Jibu likiwa chungu, lifikishe likiwa chungu, halafu kaa naye hapo umshike mkono. Huruma hiyo hakuna atakayekukataza. Akuj, Mungu wetu, akukinge na magonjwa unayoyaendea, na wale utakaowasemea watoke hospitalini kwa miguu yao.