Zege, Pumzi na Wimbo wa Palizi

Kwa miaka kumi na minane nilinyanyua vyuma karibu kila siku, hapa Bariadi. Vyuma ni jina tu. Vyetu vilikuwa zege tulilomimina kwenye makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba, nyuma ya ghala nilikopakia marobota ya pamba. Wakati wa msimu nyuzi zilielea hewani mchana kutwa, zikitua begani na kwenye nyusi. Naikumbuka miaka ile kama mtu anayetazama kupitia chandarua: kila kitu cheupe, cha polepole.

Sheria yetu ilikuwa moja. Mzigo ukiwa juu, hakuna kupumua.

"Anayepumua akasonge ugali," rafiki yangu Masanja alisema, tukacheka. Mimi nilikuwa bingwa wa kubana.

Maumivu yalianzia kisogoni. Nikameza vidonge vya kutuliza. Pua ikatoka damu, nikaiziba kwa pamba, nikaendelea.

"Baba Sayi, huo mshipa wa shingo unaruka," mke wangu alisema. "Nenda ukapime."

"Presha ni ya wazee na wanene."

Hapo ndipo nilipokosea.

Siku moja nimelala chini ya zege, kopo la kushoto likatoweka. Uzito wake niliuhisi lakini sikuliona. Upande ule wote ulijaa weupe. Masanja akauondoa mzigo kifuani mwangu, nikatapika, kisha nikahisi naelea pamoja na nyuzi, sina uzito. Ilikuwa tamu. Utamu ule ndio ulionitisha baadaye.

Hospitalini, daktari alipima presha mara mbili, akaangalia moyo na jicho.

"Presha unayo siku nyingi. Misuli ya moyo imenenepa, na mshipa wa jicho umevuja."

"Ni vyuma?"

"Mazoezi ni mazuri. Lakini presha haijatibiwa, kila siku unanyanyua mpaka mwisho wa nguvu zako, na pumzi umeibana. Anza dawa. Kama utarudi kunyanyua, tutaona."

Hilo la kutorudi lilinikosesha raha kuliko jicho. Bila nguvu zangu, ningekuwa nani?

Nilipumzika kijijini Lalago kwa mama, nikitazama watu wakipalilia pamba. Waliimba, kama ilivyo kawaida yetu. Jembe likishuka, sauti inatoka.

"Mayu," nilimuuliza mama, "hamchoki?"

"Tunachoka sana. Ila ukiimba, pumzi inajitafutia njia. Ukiona mtu analima kimya, huyo kagombana na mumewe."

Nilicheka, kisha nikaanza kuufuatisha wimbo wao kwa sauti ya chini.

Baada ya miezi, presha iliposhuka, daktari aliniruhusu mizigo midogo. Nikarudi nyuma ya ghala, nikanyanyua kopo dogo huku nikiimba wimbo wa palizi.

"Bingwa amekuwa kwaya," Masanja alisema. Wiki iliyofuata nilimpeleka kupima. Presha yake ilikuwa juu kuliko yangu.

Sasa tunaimba wote. Wewe unayenyanyua, pima kabla hujaumwa, toa pumzi unapopandisha mzigo, na usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Namshukuru Mungu, mke wangu, daktari, na mama ambaye hajawahi kushika chuma.

Jicho la kushoto limebaki na uzi mmoja mweupe usiotua. Nikinyanyua nauona. Naimba, unapita taratibu, nami nashusha mzigo chini.