Godoro la Juu Kabisa

Mimi ni mtu wa usafi, na sioni haya kujisifu. Ukipita kijijini kwetu mwezi wa kumi, matufaha yakishachumwa na mawingu yakianza kukalia mlima, nyumba ya kwanza kupiga mazulia na kupaka kuta chokaa ni yangu. Ya pili ilikuwa ya jirani yangu Afifa, ambaye sote tunamwita Mama Ramzi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilisafisha ili nionekane. Yeye alisafisha kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na mwaka wake.

Mwaka huo, wakati wa vita, Mama Ramzi alichelewa. Matufaha yalikuwa mengi, mumewe anaumwa, na mabomba ya jiko la kuotea moto hayakushushwa wala kukung'utwa masizi. Theluji ilipoanguka, jiko likajaza moshi nyumba nzima, na kile kipande cha bomba kinachopinda karibu na dari kikaonekana kimetoboka. Akamtuma mwanawe Ramzi, kijana wa miaka kumi na tisa, ashuke mjini akanunue kingine. Ramzi aliondoka asubuhi, baada ya kahawa. Njiani kulikuwa na watu wenye bunduki wanaosimamisha magari na kukagua vitambulisho. Gari lilipatikana. Ramzi hakupatikana, hai wala maiti.

Ikapita miaka ishirini na mitatu. Mumewe alikufa akingoja. Mabinti wawili wakaolewa, mmoja mjini, mwingine ng'ambo. Mama Ramzi akabaki na nyumba, na kila mwezi wa kumi aliivamia kama mtu mwenye kisasi nayo. Mabomba aliyashusha mwenyewe, akayapiga kwa fimbo uani, akayachungulia kama darubini, akayapiga tena.

"Yangekuwa safi," aliniambia mara moja tu, "nisingemtuma."

Nikamjibu kwamba Mungu yupo. Ni maneno ambayo mtu huyasema akikosa la kusema.

Katika nyumba ile kitu kimoja tu hakikuguswa na usafi. Kwetu magodoro ni ya sufu ya kondoo, na sufu ikilaliwa hushikana ikawa ngumu. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya baridi, fundi hupanda kutoka bondeni na upinde wake, akafumua magodoro, akaichambua sufu kwa uzi wa upinde mpaka ivimbe, kisha akashona upya. Mama Ramzi alikuwa na kitanda chake cha chuma, na magodoro mengine matano yaliyopangwa katika daka la ukutani: la marehemu mzee, mawili ya mabinti, la wageni, na la Ramzi. La Ramzi lilikaa juu kabisa, lisilemewe na kitu. Halikuwa limefumuliwa tangu asubuhi ile ya theluji. Lilikuwa na bonde pale alipozoea kulala, bega huku na nyonga kule.

Siku moja niliingia bila hodi nikamkuta amelitandika sakafuni, amejikunja ubavu ndani ya bonde lile, pua ameizamisha kwenye kitambaa. Nikarudi kinyumenyume. Moyoni nikasema, maskini, akili imeanza kumtoka. Nilipofika kwangu nikajikuta naunusa mto wa mwanangu Fadi, ambaye yuko hai huko Kanada na hunipigia simu kila Jumapili. Nikaona haya peke yangu.

Sasa, kwetu husemwa mkia wa Septemba umelowa mvua. Mwaka ninaoueleza ulilowa kweli. Mama Ramzi alipanda ngazi kushusha mabomba yake, ngazi ikateleza, mguu ukavunjika. Mwezi wa kumi ukamkuta kitandani, plasta mpaka juu ya goti, na nyumba haijafagiliwa. Nikamwambia kazi hiyo niachie mimi. Ningeitoa wapi nafasi nzuri kama hiyo ya kumwonyesha kwamba nami najua kusafisha?

Siku ya kwanza nilipiga mazulia uani, naye akiniamrisha kupitia dirishani.

"Mama Fadi! Hilo zulia unalipiga au unalibembeleza?"

"Nalipiga, bibi wee! Unataka nilitoe roho?"

"Litoe! Au huko kwako mmezoea kulala na vumbi?"

"Kwangu? Ngoja huo mguu upone, nikuvunje wa pili."

Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu, nikazidi kupiga kwa nguvu na kuropoka upuuzi ili acheke tena.

Mchana nikahamisha mitungi ya zeituni na magunia ya ngano, nikapangusa rafu, kisha nikalifikia daka. Lilitaka chokaa, kwa hiyo magodoro yote yalipaswa kuhamia chumba cha pili. Nilianza na la Ramzi. Nalikumbuka vizuri, maana nililibeba kama mtu abebaye mgonjwa, nikalilaza chini polepole. Kisha nikarudi kuchukua mengine, huku Mama Ramzi ananipigia kelele kuhusu chokaa na mimi namjibu, na moja baada ya jingine nikayapanga juu yake. Mikono iliyozoea kazi haikiulizi kichwa. Nimepanga magodoro miaka arobaini, na sikukumbuka jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua: ukihamisha rundo, la juu linakuwa la chini.

Jioni akaniita karibu na kitanda.

"Kesho fundi Barakati anakuja. La juu kabisa asiliguse."

"Najua."

"Sema."

"La juu kabisa asiliguse."

"Sema tena."

"Mama Ramzi, mimi si mtoto!"

"Si mtoto, lakini una mdomo. Mwenye mdomo husahau."

Nikamwambia alale, kesho ataniona.

Barakati alifika asubuhi, upinde begani, tayari ana haraka.

"Mama Fadi, tusicheleweshane. Nina nyumba sita leo, na mawingu yale yananitazama vibaya."

"Beba manne haya. La juu niachie."

Akaliinua lile la juu akaliweka kando, nami nikalifunika shuka ili lisiingie vumbi. Manne akayapandisha darini, juu ya paa bapa lililo wazi. Akayafumua, vitambaa vyake akavitupa upande mmoja, na sufu yote akaikusanya rundo moja. Ndivyo afanyavyo kila nyumba, sufu nzuri ipate kuchanganyika na iliyochoka, magodoro yawe sawa. Godoro moja lilitoa sufu ya manjano, mapande mapande, magumu.

"Hili alikuwa analilalia nani?" akauliza. "Sufu imekuwa mkate wa juma lililopita!"

"Labda marehemu mzee," nikasema. "Alikuwa mzito."

Tukacheka. Nilicheka, mimi, kwa mdomo wangu huu. Barakati akaweka upinde juu ya mapande yale, uzi ukaanza kulia, na vumbi la miaka ishirini na mitatu likapanda hewani likaenda zake na upepo. Kutoka chini Mama Ramzi akapaza sauti, "Leo upinde wa Barakati unaimba!"

Ilipofika alasiri, nikalibeba lile lililobaki, nikalitandika kando ya kitanda chake. Nilitaka anisifu, sitaficha.

"Haya, mwanamke asiyeamini watu. Hilo hapo. Halijaguswa hata na nzi."

Mama Ramzi alinyoosha mkono, akapapasa ukingo wa godoro, kona hata kona. Akapapasa tena.

"Hili la wageni," akasema.

"La Ramzi hilo."

"Mama Fadi. Hili la wageni." Sauti yake haikupanda. "Ramzi alilitoboa lake kwa sigara. Alikuwa na miaka kumi na sita, anavuta kwa kujificha babake asimwone. Nilitia kiraka kidogo ukingoni, uzi wa buluu. Kiko wapi kiraka?"

Hapo ndipo lile rundo liliponijia kichwani: la kwanza kushushwa, na mikono yangu ikipanga mengine juu yake. Nilikimbia darini hata sikumbuki ngazi. Barakati alikuwa anashona la mwisho. Nikageuza la kwanza, nikageuza la pili. La tatu lilikuwa na kiraka, kidogo kama ukucha, cha uzi wa buluu. Godoro lenyewe lilikuwa limevimba, laini, limesimama sawasawa pande zote, halina bonde. Siku nyingine ningelisifu.

Sijui kwa nini nilimshushia godoro lile. Nadhani nilitaka apate chochote. Alikitazama kile kiraka, akalibonyeza godoro katikati kwa kiganja, nalo likainuka tena mara moja, kama ambavyo sufu iliyochambuliwa vizuri huinuka.

"Umeniletea nguo zake," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Barakati alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, nisamehe," akasema. "Sufu imechanganyika. Iko ndani ya yote manne. Hakuna anayeweza kuitenga sasa."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Nitukane, Mama Ramzi. Nipige. Nifukuze nyumbani mwako."

Alinitazama, usoni hana hasira hata chembe, na ndilo lililonimaliza.

"Umechoka tangu jana," akasema. "Mpe fundi kahawa."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi ni mzazi, na siku ile nilijua kwamba siujui. Maana siku ambayo Ramzi hakurudi, Mama Ramzi alipiga mayowe kijiji kizima kikasikia. Siku niliyompokonya kile kidogo kilichobaki, alinyamaza. Kwa siku tatu hakusema zaidi ya ndiyo na hapana. Siku ya nne akaniomba nimletee magodoro manne, moja moja. Akaweka uso juu ya kila moja akavuta pumzi, akageuza akavuta upande wa pili. Nilisimama pale nikimwomba Mungu apate harufu hata ndogo, hata ya uongo. Alipomaliza la nne akasema, "Jua. Yananuka jua tu."

Mwezi wa kumi na mbili plasta ikatolewa. Mabomba niliyashusha mimi, nikayapiga mara tatu, nikayachungulia kama yeye, nikayafunga. Jiko likawaka bila moshi hata kidogo. Theluji ya kwanza ilipoanguka, nilivuka uani asubuhi nikiwa na sahani ya zabibu kavu, nikakuta Mama Ramzi ametandika yale magodoro manne kuzunguka jiko, na shuka safi, kama zama zile nyumba ilipojaa watu. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema kimoyomoyo, ameanza kutusamehe, mimi na sufu. Nikavua viatu, nikaketi juu ya lililo karibu, kwa uzito wangu wote.

"Polepole, Mama Fadi," akasema. "Unamkalia."

Nikasimama. Nilitazama magodoro yote manne nikaelewa kwamba hakuna hata moja ninaloweza kulikalia, maana yumo ndani ya kila moja na hakuna ajuaye wapi. Nikaketi sakafuni, juu ya saruji, mgongo ukutani. Mama Ramzi akashuka kitini kwa shida, na mguu wake mbovu, akaja kuketi karibu nami. Nikampa zabibu, akala mbili.

Tangu siku hiyo, kila baridi, ndivyo tunavyokaa. Fundi akija mwezi wa kumi haulizi kitu kwa Mama Ramzi, hupitiliza hadi nyumba inayofuata, kwa sababu yale magodoro hayajalaliwa na hayahitaji kuchambuliwa. Tunanywa kahawa sisi wazee wawili kwenye saruji baridi, na magodoro manne yamevimba kuzunguka moto, hayana mtu.