Msoma Njia Asiyependa Safari

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika ndani ya gari la watu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeajiriwa ukarani wa stoo katika karakana moja ya magari Singida mjini, na nilidhani ukarani ni kukaa. Kukaa nilikupenda sana. Kabla hata stuli haijapata joto, akaingia Fundi Mkuu, jina lake Omari, mtu wa Tanga, mwembamba kama spoku ya baiskeli.

"Wewe karani, umesoma?"

"Nimesoma, Fundi."

"Kwenu Unyambwa shikamoo haijafika?"

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unaweza kusoma ndani ya gari linalotikisika?"

Nikasema naweza. Aliyemaliza kidato cha nne enzi zile hakuwa na jambo asiloliweza. Akanipa gazeti, akanipakia, tukaenda hadi Unyambwa na kurudi kwa mwendo ambao mama, tulipopita mbele ya nyumba, alidhani anapelekwa mgonjwa. Nilisoma kwa sauti habari ya pamba hadi katikati. Nusu iliyobaki niliitapikia.

"Umefika wapi?" akauliza, macho yakiwa barabarani.

"Pamba ya daraja la pili."

"Aliyekutangulia hakumaliza kichwa cha habari. Kazi umepata."

Ndivyo nilivyokuwa msoma njia wa gari la mashindano, mimi ambaye kwenda sokoni tu nilikuhesabu kuwa safari. Vijana wa bodaboda wakisikia wananicheka, na wana haki. Basi niwaeleze. Dereva wa mashindano haoni kilicho nyuma ya kona wala ng'ambo ya mlima. Anayeona ni msoma njia aliyekaa kando yake na daftari, naye ameona kwa sababu wiki moja kabla alipita hapo polepole akiandika kila kitu: kona kali kushoto, korongo la mchanga, daraja la magogo, punguza. Siku ya mbio anasoma kwa kupiga kelele na dereva anatii. Dereva anaendesha kwa macho ya mwenzake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni vumbi.

Mnawaona madereva hao kwenye picha wakicheka, mkadhani ni maisha ya raha. Fundi Omari hakukunja vidole gumba kwenye usukani hata siku moja. Aliviacha vimelala juu, kwa maana gurudumu likigonga jiwe usukani unajizungusha wenyewe na kuvunja kidole. Alikalia ngozi ya kondoo, na bado baada ya mbio tulikula tumesimama. Ndani ya gari hakikukosekana kipande cha sabuni ya kufulia, nasi tulikuwa wachafu kuliko wote: sabuni ile ilikuwa ya kuziba tangi la petroli likitobolewa na mawe. Mjini aliendesha taratibu hadi wauza maziwa wakampita kwa baiskeli. Akipanda basi alikuwa mwoga kupindukia, akikanyaga sakafu kutafuta breki, mpaka abiria wa mbele wanageuka kumtazama. Na Jumatatu, gari lililoshangiliwa Jumapili lilibanduliwa namba ubavuni likaenda kubeba vitunguu.

Miaka miwili nilifanya kazi kwa uaminifu. Wa tatu ndio ninaousimulia kwa uso ulioinama.

Ilikuwa ile miaka ya serikali kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya kando ya barabara. Sehemu ya mwisho ya mashindano ilikuwa kutoka Manyoni kupitia Ikungi hadi Singida, barabara niliyoikagua mwaka uliotangulia. Bwana Meneja wa karakana alinipa pikipiki na siku tatu nikaikague upya. Nilipita nyumbani kuaga. Mama alikuwa amechinja kuku, na mlenda uko jikoni. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake mvua ikanyesha. Siku ya tatu nikachukua daftari jipya, nikakaa barazani, nikanakili noti za mwaka wa jana neno kwa neno kwa mwandiko mzuri.

"Si unapita Ikungi?" mama alikuwa ameniuliza. "Shangazi yako wamemhamishia huko barabarani. Kamwone, amejenga peke yake."

"Nitamwona, mama."

Siku ya mbio tulikuwa wa pili. Fundi Omari alikuwa akipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya ila akinusa ushindi. Tukapita Ikungi, nikasoma: "Pori tupu, imenyooka maili mbili, kanyaga!"

Akakanyaga. Tulipopanda kijilima, pori halikuwapo. Kulikuwa na nyumba pande zote mbili, mistari kwa mistari, nyasi za mapaa bado mbichi, na katikati ya barabara mzee mmoja akivusha maksai wawili wenye nira shingoni. Fundi alikuwa juu ya breki kabla sijafumba mdomo. Alimkwepa yule mzee kwa upana wa mkono. Maksai hakuweza kuwakwepa. Mmoja alikufa pale pale, wa pili akavunjika mguu ikabidi achinjwe. Gari likaishia mtaroni, rejeta imepasuka.

Walikuwa ndio maksai pekee wa shamba la kijiji. Mvua imeshaanza, shamba halijalimwa hata nusu.

Fundi Omari alitoka, akavua helmeti, akasimama mbele ya watu. "Poleni, wazee wangu. Nimekosa." Watu wakaja juu kwa Kinyaturu. Yeye Kinyaturu chake kiliishia kwenye salamu. Mimi, mwenye lugha, nilibaki nimekaa garini na helmeti kichwani, nikijifanya nimeumia shingo.

Mama mmoja akainama dirishani.

"Vua hilo sufuria tukuone."

Nikavua. "Shikamoo, shangazi."

"Kumbe kwangu unapajua!" Kisha akanyanyua sauti, watu wote wakanyamaza kumsikiliza. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Haya, sema. Hamkujua kwamba hapa wanakaa watu?"

Nilikuwa na jibu la kweli, nalo lilikuwa fupi. Ningesema: sikuja kuangalia. Badala yake nilisema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kutosha: "Nilimwambia, shangazi. Nilimwambia apunguze, mbele kuna kijiji. Hakusikia."

Wote wakageuka kumtazama Fundi Omari. Naye akanitazama mimi, kwa matumaini.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaombea msamaha, Fundi."

"Ahsante sana, mdogo wangu," akasema, akanishika bega.

Nimepata aibu nyingi maishani, nyingine za kuchekesha, lakini ule mkono begani bado nauhisi.

Alinyoosha mkono kwa wazee, hakuna aliyeupokea. Wiki iliyofuata alirudi na Land Rover ya karakana, akafunga jembe la maksai nyuma yake, akalima shamba la kijiji siku tano mfululizo. Mimi nilishika mpini. Hakuna aliyempa hata maji ya kunywa. Mimi nililetewa uji. "Wamenuna kweli hawa," aliniambia, akifuta jasho. "Ni haki yao. Ningekuwa mimi ningenuna zaidi."

Hapo pia ningeweza kusema. Nilikunywa uji.

Bwana Meneja aliniita ofisini. "Noti zako zilisemaje kuhusu pale?"

"Zilisema apunguze, Bwana Meneja."

"Daftari liko wapi?"

"Lilipotelea mtaroni."

Lilikuwa limeishia jikoni kwa mama, limeshatumika kuwashia moto. Fundi Omari alikuwa amenisikia kwa masikio yake mwenyewe nikisoma kanyaga, lakini alipoulizwa alisema tu kwamba aliyeshika usukani ni yeye. Akaondolewa kwenye mashindano. Mwaka haukuisha, akarudi Tanga. Mimi nilirudishwa stoo, baadaye nikahamia ofisi nyingine, karani, kisha karani mkuu, hadi nikastaafu na kuagwa kwa hotuba iliyonisifu kuwa mtu mwangalifu. Habari za kifo cha Fundi zilinifikia kupitia dereva wa lori. Sikwenda kuzika. Nilisema Tanga ni mbali.

Shangazi naye alishatangulia, akiamini maneno yangu. Na kule kijijini, mtoto akikimbia bila kutazama, watu wazima humkemea: "Unakwenda kama Omari, husikii!" Wanaosema hivyo wengi wao wakati ule hawakuwa wamezaliwa. Jina la mtu aliyekanyaga breki kabla sijafumba mdomo limekuwa jina la kiziwi.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea binti wa shangazi, Eliza, aliyekuja mjini kuuza kuku na kufikia kwangu. Alisikiliza huku akiwafunga miguu wale kuku. Nilitegemea alie, au anitukane, nipumzike.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Kiswahili chako kizuri. Sasa hiki utampa nani?"

"Wasomaji. Vijana."

"Sisi kule hatusomi hivyo. Wewe ulimsingizia kwa Kinyaturu, tena barabarani, watu wamesimama. Mkutano wa kijiji ni Jumapili."

Nikamwambia magoti yananisumbua, siwezi kusimama muda mrefu.

"Utaletewa kiti," akasema, akachukua kuku wake.

Leo ni Ijumaa. Shati nimeshalipiga pasi, nauli ninayo. Kilichobaki ni mimi.