Ubao Uliogeuzwa Ukutani

Harufu ya mti wa muhugu ukiungua naijua hata nikifumba macho. Leo ilitoka jikoni kwangu, kwenye hoteli ya nyama choma niliyoijenga bila kusaidiwa na mtu.

Baba alikuwa mchonga vinyago. Mkoloni alipojenga kanisa la mawe mtaani kwetu, madhabahu aliyachonga yeye, kwa mbao za muhugu. Mimi, binti yake mdogo, nilisugua mbao kwa msasa, na vipande vilivyobaki tukapikia. Siku moja nikashika patasi yake, nikatoboa ubao mmoja wa madhabahu, tundu la kutosha kidole changu.

"Mama, umeniua," akaniambia huku akicheka. Akaugeuza, tundu likatazama ukutani. "Padre hataona. Na kazi hii itakaa hapa hata sisi tukioza."

Wiki iliyopita kanisa lilibomolewa, wajenge ghorofa. Sisi waumini tuliandika barua, tukapiga kelele, wapi! Asubuhi hii nikanunua kuni za bei rahisi. Sikuuliza zimetoka wapi.

Niliponusa, nilimwaga maji motoni. Ulibaki ubao mmoja tu, umeungua nusu. Nikaugeuza, nikaliona lile tundu.

"Mathe, nyama iko wapi?" mteja akaita. "Ama unatuombea kwanza?"

Nikajaribu kuingiza kidole. Hakikuingia.