Saa Moja na Nusu Hadi Kalemie

Ukimwuliza Mama Fidélie njia ya Kalemie, hatakueleza barabara. Barabara ameitukana miaka mingi. Sokoni Likasi anauza ndakala, dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, na kila gunia linamfikia limechoshwa na treni na lori, nusu yake imekuwa unga. Watu wakimhurumia kwa kuzaliwa mbali, yeye hucheka.

"Kalemie iko mbali kwa ndakala," husema. "Kwa minye, nikishafika Lubumbashi, avion ni saa moya na nusu tu."

Kilomita mia sita na zaidi, saa moja na nusu. Ndege hiyo alikuwa ameipanda mara moja tu maishani, lakini alivyoisema, ungedhani anakwenda kisimani.

Mama yake alipofariki, mdogo wake Elie alimpigia simu. Kwao binti mkubwa ndiye anayemwosha mama na kumvika nguo za mwisho. Fidélie hakusubiri kukumbushwa.

"Musimuguse. Mungoye minye."

Akaondoka Likasi alfajiri, akapita Kapolowe jua likichomoza, akafika uwanja wa ndege wa Lubumbashi mapema. Alipoukabidhi mzigo wake mkubwa, akabaki na begi dogo lenye gauni la mama, na kupewa kikaratasi cha kupandia, roho ikamtulia. Akampigia Elie.

"Mumutoshe mama ku morgue. Saa moya na nusu, niko apo."

Hapo ndipo alipojikwaa, na simcheki, maana huku kwetu nani asingesema hivyo? Safari tunaipima kwa muda wa angani, kana kwamba ndege imeegeshwa mlangoni na rubani anatungoja sisi tu. Ndege ya Fidélie ilikuwa hata haijarudi kutoka mji mwingine.

Asubuhi ikaisha. Kijana wa kampuni kila akiulizwa alijibu "bientôt", karibuni tu, huku akitazama pembeni. Kalemie jua lilikuwa kali, mama amelazwa uani chini ya turubai, na nafasi yake kwenye chumba cha maiti alikuwa amekwisha kupewa mwingine. Elie akapiga tena.

"Yaya, bantu banaanza kuikala mbali na mama," alimwambia dada yake kwa sauti ya chini. "Sema weye kama tuzike. Minye siwezi."

Fidélie aliichukia ndege, akamchukia yule kijana, na zaidi ya wote akauchukia mdomo wake mwenyewe. Mdomo huponza kichwa. Wake ulikuwa umemponza marehemu. Kuzikiwa mama na mikono ya wengine kulimuuma. Lakini mama yake, mwanamke aliyeoga mara mbili kwa siku hata akiwa mgonjwa, asimamiwe na watu walioziba pua? Hilo hakuliweza.

"Nani eko apo wa kumuosha?"

"Tantine Angèle, mudogo wa mama."

"Basi amuoshe."

"Na robe? Amuvalishe nini?"

"Robe iko na minye, mu kasaki." Akalishika begi. "Amuvalishe yoyote. Muzike leo, Elie. Musiningoye tena."

Akakata simu, akalia kwa sauti mbele ya wafanyabiashara na mabegi yao, bila haya.

Alikuwa bado anajipangusa kwa kitenge walipotangaza kuwa ndege ya Kalemie imetua, abiria wajipange. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega.

"Nyamaza, mama. Sasa tunaenda."

"Ndiyo, papa," alijibu Fidélie. Akalikumbatia begi lenye gauni, akaingia kwenye mstari.