Mikono Nyuma ya Kioo

Kiwandani walimwita Popo, na jina hilo alilipata siku ileile alipovua koti la buluu akavishwa jeupe la usimamizi. Popo si ndege, si mnyama. Kabla ya hapo alikuwa mfumaji kwa miaka kumi na tisa, tena hodari, na waliompachika jina ndio haohao waliompigia vigelegele alipopandishwa cheo. Ndivyo tulivyo binadamu, tunashangilia kwanza, kufikiri baadaye.

Wasomi wameandika vitabu vinene kuhusu matabaka: nani mwenye mali, nani mwenye jasho, na kwa nini hawapikiki chungu kimoja. Pale kiwandani hukuhitaji kitabu. Kulikuwa na ngazi ya chuma, vidato kumi na vinne. Chini, mashine mia tatu za kufumia na wanawake waliovuta vumbi la pamba mpaka kikohozi kikawa sehemu ya salamu. Juu, ofisi ya meneja, yenye kiyoyozi na ukuta mzima wa kioo. Popo alipewa meza ndogo huko juu, mlangoni.

Kelele za mashine zilikuwa za kuziba masikio, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa mikono. Lugha hiyo waliibuni wenyewe, na kwayo walisengenyana, walitaniana, wakapeana habari za misiba. Popo na mdogo wake, aliyekuwa mfumaji pia, waliizoea mpaka nyumbani. Hata wakizungumza kwa mdomo, mikono nayo ilisema yaleyale. Shemeji mtu aliwahi kuwauliza kama wanafukuza nzi.

Mwaka ule kampuni iliamua kila mfumaji ashike mashine sita badala ya nne. Wanawake wakawa wanakimbia zamu nzima, hata choo ni cha kuombea ruhusa. Mmoja alizimia, akabebwa nje, na mashine zake wakagawiwa wenzake. Mikono ikaanza kwenda mbio. Meneja akaiona kutoka juu, akamuuliza Popo.

"Mama, wanasema nini hawa?"

"Wanaulizana uzi, bosi."

Siku mbili alijibu hivyo. Siku ya tatu, Jumatatu, meneja alifunga mlango.

"Nyumba unayokaa ni ya kampuni. Ukiwa na sisi, uwe na sisi kwelikweli. Kama unataka kurudi chini, ngazi unaijua."

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, bomba ndani, baada ya miaka ya kupanga foleni na ndoo alfajiri. Akajiambia kwamba mgomo waliokuwa wakiupanga wafumaji ukifanyika watafukuzwa wote, mdogo wake akiwemo. Akisema mapema, labda mambo yatamalizwa kimyakimya. Alikuwa anajidanganya, na naamini alijua.

"Ni Alhamisi," akasema. "Saa nne. Mashine zote zitazimwa kwa pamoja."

"Nani anawaongoza?"

"Hilo sijui, bosi."

Alilijua vizuri. Kiongozi alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Ndipo alipogundua kwamba meneja hamtazami usoni. Alikuwa anatazama mikono yake. Na Popo alikuwa amesimama kiupande mbele ya kioo, taa ikimmulika, mikono imekwisha kusema yote: Alhamisi, saa nne, mashine zote. Akageuka polepole. Huko chini, nyuso hamsini zilikuwa zimeinuliwa, na ya mdogo wake ilikuwa mbele.

Mdogo wake akazima mashine yake. Jirani yake akazima. Ikafuata nyingine na nyingine, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza na Popo akasikia kiyoyozi kinavyonguruma.

Walifanya hivyo kwa hasira, na hasira hasara. Zamu nyingine mbili hazikuwa tayari, hakuna aliyekuwa ameweka hata akiba ya unga. Kufikia Jumatano wote hamsini walikuwa wamefukuzwa, na waliobaki wakaendelea na mashine sita. Popo akabaki na koti lake na nyumba yake.

Jumapili ya pili alibeba unga na sabuni akaenda kwa mama yao, ambako mdogo wake alikuwa amerudi na watoto. Alimkuta uani anafua. Akaweka mzigo chini, akasema kwa mikono: nisamehe, mdogo wangu. Jina lako sikulitaja. Naapa sikulitaja.

Mdogo wake alimwacha amalize. Akakamua nguo aliyoshika, akaitungika kambani, kisha akamgeukia mama yao aliyeketi kizingitini.

"Mama, mpe mgeni maji ya kunywa, aende zake. Hiyo lugha yake mimi siifahamu."

Mama alimtazama mkubwa, akamtazama mdogo. Aliinuka kwa taabu, akaingia ndani, akarudi na bilauri ya maji juu ya sahani, akampa mwanawe kwa mikono miwili.